Mzee Gurdev Anaiacha Jumamosi ya Kwanza

Baada ya miaka kumi na tisa na nusu ya utumishi, Mzee Gurdev Singh, Mratibu wa Shughuli za Mwezi wa Klabu ya Huduma ya Njoro hapa Moshi, anastaafu rasmi kesho Jumatatu, tarehe 30 Juni 2003. Leo tunakula, tunapiga makofi na kumvisha taji la maua. Jumamosi ijayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya kliniki ya macho kule Marangu, na kwa mara ya kwanza kliniki itapanda mlima bila yeye. Anayeipokea kazi ni mimi ninayeandika haya, na tangu Mei sijalala vizuri.

Mwenyekiti wetu, Bwana Faizan, aliniagiza niandike wasifu mchangamfu usiowaliza watu. Nitajitahidi. Ila wanaonifahamu wanajua kuwa mimi, Violet, ni mtu wa kufunga mlango wa ofisi, kufika kona ya Majengo, kisha kurudi kuutikisa mlango ule ule nihakikishe nimeufunga. Uchangamfu wa klabu hii miaka yote umetoka kwa mtu mwingine, naye ndiye huyu anayeondoka. Mkiona kalamu inatetemeka mahali, mnivumilie.

Gurdev alizaliwa Majengo, katika vyumba vya kupanga nyuma ya gereji ya baba yake. Alikua akiongea Kipunjabi na mama yake, Kiswahili na mtaa mzima, na Kichagga cha kutosha kununulia ndizi bila kupunjwa. Alikuwa fundi magari mpaka alipopita miaka arobaini na mitano, na hakuwa na mpango wa kuwa kitu kingine. Mwaka 1984 ndipo klabu ilipomfuata. Wakati ule tulikuwa na Landrova moja, wanachama wachache wenye moyo, na nchi nzima haina mafuta. Vijana wa leo, wanaoingia kituo chochote na kujaza tangi huku wakiongea na simu, hawawezi kuelewa. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sukari ya kupangiwa foleni, na dizeli ilikuwa hadithi. Klabu ilihitaji mtu mmoja tu atakayehakikisha kwamba gari linatembea siku iliyoahidiwa. Gurdev aliliondosha mwezi wa kwanza, na likaondoka kila mwezi baada ya hapo. Mafuta aliyatoa wapi hakusema, wala kamati haikumchimba.

Kwa wageni wetu wa leo, mwezi wa klabu unakwenda hivi. Jumamosi ya kwanza ni kliniki ya macho mlimani. Wiki ya pili tunapeleka uji wodini. Wiki ya tatu tunazibua mifereji ya Majengo, na Jumapili ya mwisho wanachama wanakula pamoja na kugombana kuhusu mwezi unaofuata. Ukiisoma kwenye karatasi, kazi ni nyepesi. Ukiiandaa, kila wiki ina jambo lake la kukunyima usingizi: daktari atakuja au amepata safari, uji utaiva au utaungua, mvua itangoja au haitangoja.

Watu wanamjua Mzee Gurdev kwa kicheko chake kinachosikika hadi duka la pili. Sisi tuliofanya naye kazi tunajua siri nyingine: ni mtu wa wasiwasi mkubwa, pengine kunizidi mimi. Kila Alhamisi alimpigia daktari simu kumkumbusha. Kila Ijumaa saa kumi jioni alitoka nje ya ofisi, akasimama kando ya barabara na kuutazama mlima. Kibo ikiwa wazi alirudi ndani akiimba. Ikiwa imejifunika, alikwenda kukagua breki kwa mara nyingine. Nilipoanza kazi mwaka 1989 nilimuuliza kama kweli mlima unasema chochote kuhusu mvua ya kesho.

"Hausemi kitu," alinijibu. "Lakini mtu mwenye wasiwasi lazima atazame mahali."

Na alikosea, tusifichane. Kuna mwaka alizibua mfereji wa Majengo vizuri sana, kisha tope lote akalirundika mbele ya mlango wa msikiti, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kurudi peke yake na koleo na toroli, anaomba radhi kwa kila mtu aliyepita, hata kwa wapita njia waliokuwa wanakwenda zao sokoni. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Gurdev hakurudia kosa hata moja. Kila mara alipata jipya. Kilichomtofautisha ni kwamba alirudi mahali alipokosea, tena kwa miguu yake, na hakumtuma mtu.

Kubwa kuliko yote ni lile la mwaka 1991, nalo ndilo lililotupa klabu hii mnayoiona. Nitalisimulia lote, maana wanachama wapya wanabeba maboksi kila mwezi bila kujua wanayabebea nini.

Kliniki yetu ya Marangu hufanyika katika jengo la zamani la kununulia kahawa. Kulifikia unaiacha barabara ya lami, unapanda kijinjia kati ya vihamba viwili, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa. Kulia ni kihamba cha Mzee Elimringi, kushoto ni cha mdogo wake, Filemon. Ndugu hawa walikuwa wamegombania mpaka tangu ujana wao, mpaka baba yao, kabla hajafa, akapanda mwenyewe mstari wa masale kando ya njia na kusema basi. Kwa asiyejua, isale ni mmea wa shina jembamba na majani marefu ya kijani. Mjini unapandwa kwenye bustani kuwa pambo. Mlimani ndio mpaka wa kihamba, ndiyo alama ya mahali walipolala wazee, na ndilo jani analoshika mtu anayekwenda kuomba msamaha.

Gurdev ameuona mlima kila siku ya maisha yake, lakini aliuona kutoka mjini. Masale aliyajua kwenye makopo ya mkewe, Mama Harleen.

Mwezi ule wa Machi tulikuwa tunakimbizana na siku. Daktari bingwa wa kupasua mtoto wa jicho alikuwa amekuja mkoani kwa wiki chache tu, na angeondoka kabla ya Pasaka. Kama angerudi tena, hakuna aliyejua. Kati ya wagonjwa waliopangiwa kupasuliwa alikuwemo Martha, mke wa Mzee Elimringi. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha zamani. La pili lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho kiasi kwamba alipika kwa kupapasa, na mwezi uliotangulia alikuwa amejimwagia mtori wa moto mguuni. Gurdev alikuwa ameuona mguu ule, na alikuwa akiutaja kila siku ofisini kana kwamba ni yeye aliyeupika mtori.

Basi, ili mwezi ule pasiharibike kitu, Alhamisi alipanda peke yake kukagua njia. Kwenye kona ya mwisho kijinjia kilikuwa chembamba na Landrova ilikuwa ikikwama. Mashine ya kupimia macho ilitikiswa hadi daktari akalalamika. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake walikuwa wameteremka na ndizi, na wanaume walikuwa wamefuata shughuli zao. Hapakuwa na mtu wa kumwambia simama. Gurdev akatoa panga na sururu, akang'oa mstari wote wa masale pale kwenye kona, akasawazisha udongo vizuri, na kwa kuwa si mtu wa kuacha takataka, akapakia mimea yote nyuma ya gari na kushuka nayo mjini. Alirudi ofisini amejaa vumbi na furaha. Alituambia njia sasa ni pana kama barabara ya Arusha.

Jumamosi tulipopanda, hapakuwa na foleni. Watu walikuwa wamesimama makundi mawili, moja kila upande wa njia, na katikati ndugu wawili wanafokeana. Filemon alikuwa amekwisha kuchomeka kijiti hatua mbili ndani ya kahawa ya kaka yake, anasema mpaka wa baba ulikuwa hapo. Elimringi alikuwa na panga mkononi. Upande mmoja ulikataa kuingia kliniki kama upande mwingine utaingia. Daktari alikaa na mashine yake hadi mchana, akapima macho ya dereva wa lori aliyekuwa anapita.

Gurdev alipoelewa alichokifanya, alikaa chini kwenye ngazi za jengo. Nilimfuata Mzee Elimringi nimuulize kuhusu mama. Alinijibu bila kunitazama.

"Gari lililong'oa mpaka wangu halimbebi mke wangu."

Martha alikuwa amekaa mlangoni pake. Alikuwa amekwisha kufunga kanga zake kwenye kifurushi cha safari ya hospitali, na alisikia yote. Kile kifurushi kilinikaa rohoni.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Gurdev hakula. Mama Harleen alikuja ofisini kuniuliza nimemfanyia nini mumewe. Daktari bingwa alikuwa anamaliza orodha yake, na siku ya Martha, Jumatatu, ilikuwa inakuja mbio. Mimi ni binti wa mlimani, nikamweleza Gurdev kwamba kwetu kuna njia moja tu: unakwenda na isale, na anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Akaniuliza, machozi yakimlenga, isale linauzwa wapi. Nikamwambia ni lile lile alilong'oa.

Akaruka kama aliyechomwa sindano. Tukaenda kwake mbio. Na pale bombani, nyuma ya nyumba, masale yote ya baba yake Elimringi yalikuwa yamesimama ndani ya ndoo, mabichi kabisa. Mama Harleen hawezi kuona kitu cha kijani kikinyauka. Alikuwa ameyakuta kwenye gari, akayapa maji, akanyamaza.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Mila ile inajua Mchagga akimwendea Mchagga. Hakuna aliyewahi kuona Singasinga mwenye kilemba akipanda mlima na isale mkononi. Nilimwomba baba yangu mdogo, mzee wa kanisa, atusindikize kama mila inavyotaka, na hata yeye alikuna kichwa. Je, Elimringi angelihesabu? Akisema hili si isale bali ni mzaha, tungelikuwa tumemaliza njia zote, kliniki ingekufa, na Martha angebaki gizani. Tulipanda hivyo hivyo. Nyuma ya gari ndoo ziligongana, na pembeni yake kulikuwa na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, tulilonunua njiani.

Tulimkuta Mzee Elimringi amekaa uani. Gurdev alivua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia, akasimama mbele yake ameshika isale kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakujibu. Nimesikia matusi mengi katika maisha yangu, ila sijasikia kitu kizito kama shikamoo isiyojibiwa. Gurdev alibaki amesimama. Alisema amekosa, kwamba aling'oa kwa kutojua, na kwamba kutojua kwake si kisingizio, maana kuuliza hakumgharimu mtu kitu naye hakuuliza. Alisema amekuja kurudisha. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kilemba na kuingia kwenye ndevu. Baba mdogo alitazama chini. Mimi nilikuwa naomba kwa watakatifu wote ninaowakumbuka.

Mzee Elimringi aliliangalia jani, akamwangalia Gurdev, akaliangalia jani tena.

"Kalasinga," alisema, "umeniibia isale langu, na sasa umeniletea hilo hilo unibembeleze nalo. Wewe ni mwizi au ni mwendawazimu?"

"Ni fundi magari, mzee."

Kutoka mlangoni Martha alicheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomshinda mzee. Alinyoosha mkono, akalipokea jani, na kusema, "Marahaba."

Kazi ya kupanda ilichukua siku nzima, kwa kuwa kila shimo lilikuwa na kesi yake. Filemon naye ilibidi aombwe msamaha, maana mpaka una pande mbili, naye alikuwa amekwisha kuzipenda zile hatua mbili za kahawa. Gurdev alichimba mashimo yote mwenyewe. Ndugu wawili walimsimamia, mmoja anamwambia sogeza huku, mwingine anamwambia rudisha kule, na mashimo mengine aliyafukia na kuyachimba upya mara kadhaa. Mwishowe walipatana, nasema ukweli, si kwa upendo. Njaa iliwauma na mbege ilikuwa inawangoja. Gurdev, ambaye hajawahi kuonja pombe, alipewa kata ya kwanza. Alinitazama kama mtu anayezama. Mzee Elimringi akasema, "Mwacheni, ndevu zitaingia," akaipokea na kuinywa kwa niaba yake.

Jumatatu Martha aliteremka hospitali na Landrova, Elimringi amekaa kiti cha mbele kulinda. Bandeji ilipofunguliwa Gurdev alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anageuzageuza funguo za gari mkononi. Mama yule alikuwa ameijua sauti yake kwa miezi mingi, sura hajaiona. Alimkodolea jicho lake jipya kwa muda.

"Kumbe ndiye huyu?" alisema. "Mimi, kwa kile Kichagga chake, nilidhani ni mtu wa Machame."

Wodi nzima ilicheka, na Gurdev alitoka nje kwenda kulia kwenye veranda. Ndiyo siku pekee niliyomwona akilia akiwa hana wasiwasi.

Tangu hapo gari letu halipandi ile kona. Linaachwa chini kwenye lami, na kila mwenye kadi ya klabu, awe na duka, awe na shamba, awe na digrii mbili, anabeba boksi begani hadi jengo la kahawa. Gurdev aliianzisha desturi hiyo kwenye kliniki iliyofuata na hakumwomba mtu ruhusa. Bwana Faizan amelalamikia mgongo wake kila mwezi kwa miaka kumi na miwili, na kila mwezi ameibeba betri, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote. Mara nyingi tunapokewa katikati ya njia na wenyeji wanaotusaidia, na kabla hatujafika tumekwisha kujua nani anaumwa, nani kafiwa, na nani anaona haya kuja kupimwa. Gari lingefika juu, tusingeyajua hayo.

Mengi yamebadilika. Bei ya kahawa ilianguka, na watu wakang'oa mibuni waliyorithi, wakapanda nyanya. Vijana wengi wa njia ile sasa wanabebea watalii mizigo. Wodini siku hizi watu wanachangia gharama, na uji wetu una wanywaji wengi kuliko zamani. Filemon alifariki, Mungu amrehemu. Masale yao yapo, yamerefuka kupita paa la Landrova. Mama Martha bado anapika mwenyewe, na mtori wake unakaa ndani ya sufuria.

Sasa niseme lililoninyima usingizi. Klabu ilipotangaza kwamba Mzee Gurdev anastaafu, na kwamba mwezi Agosti yeye na Mama Harleen watakwenda kwa binti yao Uingereza kwa muda ambao hakuna anayeutaja, Mzee Elimringi alituma neno. Alisema tusipande Julai mpaka ajue anayekuja ni nani. Njia ni ya kwake, uani pake ndipo wagonjwa wanapokaa, na maji ya kunawa daktari yanatoka kwake. Akisema hapana, hakuna kliniki. Nilijiambia ananijua, nimekuja kwake tangu ni msichana. Halafu nikajiuliza ananijua kwa lipi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu wa Juni tulikwenda kukabidhiana. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Mzee sasa anatembea na fimbo, na ukali wake haujapungua hata chembe. Alianza kwa kulalamika kwamba chai aliyopewa haina sukari, kisha kwamba ina sukari nyingi. Gurdev alimweleza kuwa kuanzia mwezi ujao kazi yote ni ya Violet.

"Huyu binti anayeandika kadi za wagonjwa?" alisema mzee. "Simjui."

Nilimkumbusha kwa sauti ndogo kwamba nimefanya kazi hapo miaka mingi na sijawahi kukosea.

"Ndiyo maana simjui," alijibu. "Kalasinga nilimjua kwa kosa lake. Alikosa, akarudi, nikamwona ni mtu wa namna gani. Wewe hujanikosea. Nitakujuaje?"

Miaka yote nilidhani kutokosea ndiyo sifa yangu. Nilimtazama Gurdev anisaidie, naye alikuwa anatazama viatu vyake kwa makini sana. Nilifikiri yamekwisha, kwamba miaka kumi na tisa ya mtu mwingine imenifia mikononi hata kabla sijaipokea.

Mzee Elimringi akaomba panga. Akajikongoja na fimbo yake mpaka kwenye ule mstari, akachagua, akakata shina moja, akarudi polepole na kunipa.

"Kosa lako bado silijui," alisema. "Isale lake ndilo hili. Siku utakapokosa usikae mjini wiki nzima kama huyu. Njoo nalo siku hiyo hiyo."

Nilimwambia aika, ndiyo asante ya kwetu, na shikamoo juu yake, nikalia mbele ya wagonjwa wote. "Marahaba," alisema, akaulizia chai nyingine. Tukashuka. Njiani Gurdev aliniambia kwamba yeye hakupewa isale la akiba, alilazimika kuiba la kwake.

Hilo isale sasa liko ofisini dirishani, kwenye kopo la maziwa, na Mama Harleen ameniagiza nilimwagilie kwa kiasi. Limeanza kutoa mizizi.

Mzee Gurdev, klabu inakushukuru kwa kila mwezi uliotupa. Mama Harleen, tunakushukuru kwa ndoo zako na kwa subira yako. Huko mwendako mpate afya, majirani wema, na mtu wa kucheka naye kwa sauti. Na barabara ya kurudi Moshi isiwapotee. Mimi bado naogopa. Nimekwisha kumpigia daktari simu, na Alhamisi nitampigia tena. Ila Ijumaa hii saa kumi jioni, mzee wangu, kaa ndani unywe chai yako. Usitoke kuutazama mlima. Zamu hiyo ni yangu.